Hapa Tunahesabu kwa Kifaransa

Bunia, tarehe 14 mwezi wa pili, 2009

Mwanangu Hippolyte,

Salamu nyingi kutoka Nyakasanza. Simu yako ya Noeli niliipokea, lakini simu ni ya watu wenye haraka. Tulikuwa bado kwenye salamu za watoto, uniti zikaisha, na mimi nilikuwa sijaanza hata kukusuta. Ndiyo maana ninaandika. Anayekuletea barua hii ni mtoto wa jirani, anakuja kusoma huko. Mpe chakula, ni mwembamba sana.

Sasa niko peke yangu. Mlikuwa wanne niliowafundisha ukiné, kazi hii ya kunyoosha viungo vya watu, mwaka ule wa 2003, wakati mji ulikuwa bado unanuka moshi wa vita vya kabila na kabila. Musoki anapanda gari jeupe la shirika. Cheo chake ni superviseur, na sijui anamsimamia nani, maana kiné aliyebaki hospitalini ni mimi. Ephraïm anauza simu karibu na soko. Vidole nilivyovifundisha kusikiliza goti sasa vinafungua betri. Dominique yuko Ulaya, anaogesha wazee wa watu. Na wewe uko Kinshasa.

Wagonjwa hawakupungua. Amani yetu hii ya kulala na kiatu kimoja mguuni haijanyoosha goti la mtu. Kutoka Mongbwalu wanakuja wachimbaji wa dhahabu walioangukiwa na udongo mgongoni, siku mbili juu ya lori, wanafika wamekunjika kuliko walivyoondoka. Kuna watoto wa miguu iliyopinda, kuna wamama waliopooza upande mmoja. Na bado wanafikiri Kine ni jina langu. Juzi mama mmoja alisimama mlangoni akaniuliza, “Mama Kine iko? Balisema ni muzungu.” Nikamwambia muzungu ametoka, aingie aonane na mimi.

Maandishi yako ya chaki bado yako mlangoni, nayafuatisha kila yakififia: *Hapa tunahesabu kwa Kifaransa*. Hakuna anayehesabiwa hatua zake kwa lugha ya nyumbani kwa mtu yeyote. Wiki jana bibi asiyejua Kifaransa zaidi ya *bonjour* alishika vyuma vya kutembelea akaenda hatua kumi na nne, mpaka *quatorze*, halafu akakwama, akarudi *un* kwa kiburi kabisa.

Sasa neno lenyewe. Mwisho wa mwezi wa tisa ninapumzika, karatasi ya kustaafu imeshatoka. Daktari mkuu ameniambia wazi kwamba asipopata kiné mwenye diploma siku ile, chumba kitakuwa depo ya neti za mbu. Wewe ulimaliza masomo mwezi wa saba mwaka jana. Uliniahidi kwa mdomo wako pale uwanja wa ndege, umeshika sanduku la mjomba wako lililofungwa kwa kamba. Unakuja lini?

Mama yako wa kazi,
Vahwere


Kinshasa, tarehe 9 mwezi wa tatu, 2009

Mama Vahwere mpendwa,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Yule mtoto nimemlisha, usiwe na wasiwasi, alimaliza sahani mbili.

Umenirudisha mbali. Nakumbuka vyuma vya kutembelea vilipotengenezwa. Fundi alichomelea mabomba ya maji yaliyobaki kwenye nyumba iliyoungua, na siku ya kwanza vilikuwa na kutu hivi kwamba kila mgonjwa alitoka na viganja vyekundu. Nakumbuka ngazi yetu ya makreti ya bia. Nakumbuka ulivyokuwa unanifunga macho kwa kitambaa, unanipa magoti ya watu watano niyashike, halafu unauliza, “Lipi linauma?” Nikikosea unanizomea mbele ya wagonjwa, na wagonjwa wanacheka, na wale waliokuwa hawasemezani huko nje wanacheka pamoja. Hapa nina vitanda vya umeme vinavyopanda na kushuka. Sijawahi kusikia mtu akicheka juu yake.

Kuhusu kurudi, Mama, shida ni diploma. Haijasainiwa. Ofisi inasema rudi wiki ijayo, wiki ijayo inasema rudi mwezi ujao, unawajua. Pengine mwezi wa saba. Kwa sasa natafuta vikazi vidogo vya hapa na pale.

Na mzee Baudouin, yule niliyemwangusha? Uliniambia alihamia Mongbwalu kwa binti yake. Akipita Bunia, msalimie. La, usimsalimie. Niambie tu kama anatembea.

Mwanao,
Hippolyte


Bunia, tarehe 2 mwezi wa sita, 2009

Hippolyte,

Leo “mwanangu” imebaki nyumbani.

Katsuva wa maabara amerudi kutoka semina huko kwenu. Kitanda cha hoteli kilimkaza shingo, wenzake wakampeleka kwenye kabine moja ya kiné huko Gombe, mtaa wa wakubwa, yenye viti vya ngozi na msichana wa kupokea watu. Akakaa kungoja zamu. Akainua macho kidogo, maana shingo ilikuwa haimruhusu zaidi, na ukutani akaona nini? Diploma ndani ya fremu, na kioo juu. Jina lako, picha yako, sahihi tatu na muhuri. Tarehe ya mwezi wa nane mwaka jana. Akamwuliza msichana, na msichana akasema, “Docteur Hippolyte yuko ndani na mgongo wa waziri.” Katsuva akaondoka na shingo yake vilevile. Aliona haya kwa niaba yako.

Njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia Gombe.

Mimi sikuzaliwa jana. Najua huko watu wanalipwa na hapa tunapewa shukrani na kuku. Musoki alikuja kuniaga machozi yakimtoka, Ephraïm alileta mke wake amwombee radhi, hata Dominique aliandika. Kukataa ni jibu. “Haijasainiwa” si jibu, ni kumfanya mtu mzima mtoto. Kila asubuhi nawaambia wagonjwa, vumilieni, kijana wetu anakuja. Umenifanya mwongo pamoja na wewe.

Jana daktari mkuu aliingia na mita akapima chumba. Aliniomba radhi huku anapima. Mchimbaji mmoja aliyekuwa kwenye vyuma aliuliza kama wanapima jeneza.

Kama unabaki, niandikie neno moja: ninabaki. Nitalia siku moja, kisha nitafute njia nyingine.

Umeuliza habari za mzee Baudouin. Mongbwalu ni mbali na barabara mbaya. Sina la kusema.

Vahwere

Mwandiko ni wa mjukuu wangu Grâce. Shule imempa zoezi la imla.


Kinshasa, tarehe 27 mwezi wa sita, 2009

Mama,

Nimeiteremsha ile fremu. Niliiweka chini ya kitanda, na sikupata usingizi mzuri kwa hilo pia.

Nimekudanganya, na sina cha kujitetea. Nilianza hapa mwezi wa nane mwaka jana. Ni kweli wananilipa vizuri, na ni kweli nimenunua viatu. Lakini si viatu vinavyonizuia, na ningependa iwe ni viatu, maana hilo ningeona haya kidogo tu.

Ni mzee Baudouin. Wewe hukuwepo chumbani saa ile, ulikuwa wodini, na mimi sikukusimulia yote. Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa saba 2004. Nilikuwa nimepokea watu ishirini na mmoja tangu asubuhi. Yeye alikuwa wa mwisho, na mguu wake wa kushoto uliopigwa risasi ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kukunjika. Alikuwa kwenye vyuma, mimi nyuma yake, nimeshika mkanda wa kiuno. Na mimi, kwa uchovu, nikaanza kuhesabu hatua zake kama mama yangu alivyonihesabia nilipojifunza kutembea. Kwa lugha ya nyumbani kwetu. Moja, mbili, tatu. Kwa upole, Mama! Nilikuwa kama naimba.

Alipofika ya nne aliachia vyuma. Alianguka kwa bega. Niliinama kumwinua, akanisukuma kwa mguu ule ule mgonjwa, na akaniambia maneno ninayoyajua kwa moyo: “Usiniguse! Vile bandugu yako ba bunduki balituhesabu mu kalasi ya masomo. Bile bile, kwa luga yako. Kisha bakaanza kupiga.” Akajiburuza mpaka mlangoni akisukuma kiti mbele yake. Kesho yake ndiyo nikaandika kwa chaki pale mlangoni.

Kila nikifikiria kurudi, namwona anashuka kutoka lori la Mongbwalu, anakuja mlangoni, ananikuta mimi tu, hakuna kiné mwingine. Atageuka. Atabaki kilema kwa sababu yangu, na mji mzima hauna mahali pengine pa kumpeleka. Mgongo wa waziri hauna historia na mimi.

Sasa zamu yangu ya kusema unachoficha. Hakuna imla inayompa mtoto barua ya kumtukana kiné wa Kinshasa. Nimetoa barua yako ya mwezi wa pili nikaiweka mezani. Herufi zinaanza wima, kufikia ukurasa wa pili zinalala, “m” zinakosa mguu mmoja, na penseli imebanwa kati ya kidole cha shahada na cha kati. Hukushika penseli kwa kidole gumba. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma mikono. Ni tangu lini? Ni vidole gumba vyote viwili?

Hippolyte


Bunia, tarehe 20 mwezi wa saba, 2009

Mwanangu Hippolyte,

Ni vyote viwili, tangu mwaka jana. Miaka thelathini na moja ya kubonyeza migongo ya watu, vidole gumba vimechoka kabla yangu. Vikombe vinaanguka. Chumvi Grâce ananitilia. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nimebaki na vinane vya pambo. Wagonjwa nawaelekeza kwa mdomo, wanakandana wenyewe kwa wenyewe, mchimbaji anamkanda muuza samaki, na mimi nasimama nikipiga kelele kama padri. Sikukuambia kwa sababu nilitaka urudi kwa kupenda, si kwa kunihurumia. Haya, umenikamata.

Lakini mimi nina langu lingine, baya zaidi, na leo ninalisema.

Mzee Baudouin hakuhamia Mongbwalu. Hakuhamia popote. Yuko hapa hapa mjini, mtaa wa Shari, nyumba ile ile, na anatembea.

Siku ya tatu baada ya kuanguka nilikwenda kwake. Wanawe walinifungia lango. Nikarudi, wakanifungia tena. Mara ya tatu alitoka mwenyewe, ameshikilia ukuta, akaniambia niingie kwa sharti moja: jina la kijana yule lisitajwe, na kijana asijue kama mimi ninafika. Nikaapa. Nikaenda kila Jumamosi, miezi minne. Noeli alitembea kwenda kanisani kwa fimbo.

Ningeweza kukuambia baadaye, kiapo kilishazeeka. Sikukuambia, na sababu ni hii. Baada ya siku ile ulibadilika. Ulikuwa kijana wa haraka na maneno mengi. Ukaanza kumwomba kila mgonjwa ruhusa kabla ya kumgusa. Ukaanza kusikiliza. Nikasema moyoni, aibu inamfundisha kuliko mimi, tuiache ifanye kazi. Nikaiacha miaka mitano. Sikujua kwamba ilikuwa inakusukuma mpaka Kinshasa. Nilikufundisha kila kitu juu ya maumivu, halafu nikakuachia moja lisilo na faida yoyote. Nisamehe, Hippolyte. Nalia ninavyosema, na Grâce anaandika na yeye analia, usishangae matone.

Jumapili nilikwenda Shari na barua yako. Nilimsomea yote. Aliposikia pale pa mama yako kukuhesabia, alinizuia kwa mkono.

“Soma tena,” akasema. Nikasoma tena.

“Kumbe alijisahau?” akasema. “Miye nilizania alifanya makusudi. Nilizania ananichekelea.”

Miaka mitano yeye aliamini ulimtukana kusudi, na wewe miaka mitano uliamini anajua kwamba ulijisahau tu. Na mimi katikati, mwenye hekima nyingi, nimefunga mdomo. Akatoka kwenda kuangalia ng'ombe wake, na mimi sikumsukuma.

Sasa unajua yote. Usirudi kwa ajili yangu, mimi naondoka. Usirudi kwa ajili yake, yeye anatembea. Kama kazi hii unaitaka, katika mji huu kama ulivyo, na watu wake kama walivyo, basi rudi. Kama huitaki, rudisha diploma ukutani, haina kosa.

Vahwere


Kinshasa, tarehe 30 mwezi wa nane, 2009

Mama,

Nimeaga kazini. Bosi ameniita mjinga kwa lugha tatu. Ndege ni Ijumaa, tarehe 2 mwezi wa kumi. Daktari mkuu nimempigia simu, amekubali, ila anasema neti zimeshaanza kuingia.

Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Nisamehe na mimi. Ningoje.

Hippolyte


Bunia, tarehe 30 mwezi wa tisa, 2009
(Kuachwa kwa mlinzi wa hospitali)

Mwanangu,

Sikukungoja. Binti yangu amekuja kunichukua, na utakaposoma hii niko Butembo, ninapewa chai kama mgonjwa.

Nilifikiri sana. Nikikungoja, utaingia chumbani nyuma yangu, na siku zote utabaki mtoto wa Mama Kine. Wagonjwa watakuangalia, kisha wataniangalia mimi, kuona kama nimekubali. Heri waangalie wewe tu. Na pia, niseme kweli, sikutaka uone mikono yangu ikishindwa kitasa cha mlango.

Daftari la wagonjwa liko mezani. Mchimbaji wa kitanda cha pili anadanganya kuhusu mazoezi, usimwamini. Mtoto Élise wa miguu iliyopinda, gipsi yake ya nne ni Alhamisi ya tarehe 8, isipite.

Ufunguo ni mmoja tu. Uko Shari, nyumba ya mzee Baudouin, lango la bati jekundu. Nilimpelekea Jumatatu. Nilimwambia wewe ndiye utakayekuja kuuchukua. Alinyoosha mkono akaupokea, hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Nenda mwenyewe. Usitume mtu.

Vahwere


Bunia, tarehe 5 mwezi wa kumi, 2009

Mama yangu Vahwere,

Ulinichezea mchezo mbaya. Mlinzi aliponipa karatasi yako nilikaa chini pale pale getini, juu ya sanduku langu, nikakuita majina ambayo sitayaandika.

Jumamosi nikaenda Shari. Lango jekundu nililipita mara mbili. Nilinunua karanga nisizozila. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ndani ya ndege, sentensi tatu nzuri za Kifaransa. Nikagonga. Alifungua yeye mwenyewe, amesimama wima, fimbo hana.

“Weye ndiye Hippolyte?”

“Ndiyo, baba.”

“Kinshasa imekunenepesha.”

Hotuba yangu yote ikapotea. Nikasema tu, “Baba, ile siku...” Alikaa kwenye kiti cha barazani, akanionyesha kiti kingine.

“Ile siku nilijua unanihesabia kifo,” akasema. “Myaka tano najua vile. Sasa Mama Kine amenisomea barua. Kichwa yangu imesikia, ulikuwa umechoka. Masikio yangu haiyasikia bado. Sitakudanganya.”

“Najua, baba.”

“Haujui. Lakini ulifika.”

Nilinyoosha mkono kuomba ufunguo. Akautia mfukoni mwake, akavaa kofia. “Miye ndiye nilipewa, miye ndiye nitafungua.” Akamwambia mwanawe afunge lango, tukaenda kwa miguu mpaka hospitali. Alinikataza kuchukua pikipiki. Watu walitutazama njia nzima, wengine wanajua yeye ni wa nani na mimi ni wa nani. Alisalimia kila mtu kwa sauti kubwa. Nadhani alifanya kusudi.

Nilitembea nyuma yake hatua mbili, na nikaona. Mguu wa kushoto anautupa nje, nyonga imekaza, na bega linapanda kusaidia. Mama, miezi minne haikutosha. Hujakosea, ila Jumamosi moja kwa wiki ni kidogo, na barazani hakuna vyuma. Akiacha vile, miaka miwili fimbo itarudi. Nilimwambia hivyo tulipofika, nikiwa nimesimama mbali naye. Alikuwa ameshafungua mlango, anaangalia makatoni ya neti yaliyofika mpaka dirishani.

“Inaweza kunyoka?” akauliza.

“Kidogo. Itauma. Na ni mimi tu niliyeko, baba, hakuna kiné mwingine. Njoo Jumatatu.”

Nilifikiri atasema atakwenda kutibiwa Kampala, atasema ana miaka mingi, atasema chochote. Nilikuwa tayari.

“Jumatatu ng'ombe zangu zinachomwa sindano,” akasema. “Nitakuya Jumanne.”

Akaniwekea ufunguo mkononi, akaondoka.

Leo nimetoa makatoni yote mwenyewe, daktari mkuu amenuna lakini amesaidia mawili. Wagonjwa kumi na mmoja wamenikuta mlangoni. Mchimbaji wa kitanda cha pili amenidanganya kama ulivyosema. Vidole vyako uviweke kwenye maji ya moto asubuhi na jioni, na usikamue nguo, nitamwuliza Grâce.

Kesho ni Jumanne. Naogopa, Mama, naogopa kuliko siku ya mtihani. Anaweza kuja na kugeuka mlangoni, au asije. Lakini akija atanikuta. Niko.

Mwanao,
Hippolyte